Dhifa ya kifahari ya wageni 600 katika ukumbi mtupu wa maonyesho: nianzie wapi?

Mratibu Chipukizi (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuifanya kazi hii. Kwa miaka sita nimekuwa nikiratibu hafla za watu 80 hadi 150, karibu zote katika kumbi za hoteli, ambako zulia liko sakafuni, taa ziko darini, jiko liko nyuma ya ukuta, na wahudumu wanaijua njia yao hata gizani. Sasa nimekabidhiwa dhifa ya jioni ya wageni 600 yenye hotuba tatu, bendi na utoaji wa tuzo, na kila tulipokutana mteja amerudia neno lile lile, kwamba anataka iwe ya kifahari. Mahali alipopachagua ni ukumbi wa maonyesho ya biashara wenye upana wa mita 40, urefu wa mita 90, na paa la mabati juu ya fremu za chuma lililo mita 12 kutoka sakafuni. Sakafu ni zege tupu. Hakuna nguzo katikati, hakuna jiko, na vyoo vilivyopo viko upande mmoja tu.

Nilikwenda kuukagua peke yangu asubuhi moja. Nilipiga kofi mara moja nikasimama kusikiliza, na kabla mlio ule haujapotea nilikuwa nimehesabu polepole hadi tano. Tangu siku hiyo nimekuwa na wasiwasi. Mpambaji wetu amependekeza kulifunika paa lote kwa vitambaa vyeupe na kuijaza nafasi kwa maua, na kwa kazi hiyo anaomba zaidi ya nusu ya bajeti. Mteja ameupenda mchoro wake. Mimi nahofia kwamba tutatumia fedha nyingi kulivalisha ghala nguo, kisha wageni waingie na bado waone ghala.

Ninaomba kujua mambo mawili. Kwanza, nafasi kubwa kiasi hiki inafanywaje iwe ya kukaribisha bila kuijaza vitu? Pili, kama ninyi mngekuwa na bajeti yenye kikomo, mngeanza kuitumia wapi? Natanguliza shukrani.

Msanifu wa Nafasi

Ndugu mleta mada, wasiwasi wako ni wa haki. Kabla ya kuzungumzia vitambaa na maua, chukua karatasi na upige hesabu ya eneo, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kwamba tatizo lako silo unalodhani.

Wageni 600 kwenye meza za duara za watu kumi ni meza 60. Meza ya watu kumi ina kipenyo cha takriban mita 1.8. Ukipanga vitovu vya meza kwa umbali wa mita 4, ambao ni mkarimu na unamwachia mhudumu njia hata viti vikisogezwa nyuma, kila meza inahitaji mita za mraba 16, na meza zote 60 zinakaa kwenye mita za mraba 960. Ongeza jukwaa, uwanja wa kucheza mbele yake na njia pana za kupita, utafika mita za mraba 1,500 au 1,800. Ukumbi wako una mita za mraba 3,600. Kwa hiyo nusu yake huihitaji kwa chakula, na kosa la kwanza ambalo watu hulifanya ni kuzitawanya meza ili zienee ukumbi mzima. Meza zikitawanywa, kila mgeni anajiona yuko kisiwani, mazungumzo yanakufa, na mtu wa meza ya mwisho anamwona mzungumzaji akiwa na ukubwa wa kidole gumba.

Ugawe ukumbi. Nusu moja, yaani mita 40 kwa 45, iwe chumba cha dhifa, na uizungushie mapazia mazito yenye urefu wa mita 8 hivi. Nusu ya pili igawanywe tena: sehemu ya mapokezi ambako wageni watasimama na kusalimiana kabla ya kuketi, na nyuma yake sehemu ya kazi, yenye jiko, stoo na chumba cha wahudumu. Wageni 600 wakisimama katika eneo la mita za mraba 700 au 800 watahisi kwamba wamefika mahali penye watu. Wakisimama katika mita 3,600 watahisi kwamba wamewahi kabla ya wenzao.

Kuhusu paa, ushauri wangu ni kwamba usilifunike kabisa. Kitambaa cheupe kinapokea mwanga, na kila kinachopokea mwanga kinavuta jicho. Mpambaji atakuwa ametumia fedha zote hizo kuwaonyesha wageni kwamba juu kuna kitu kikubwa. Liache paa katika giza. Weka dari ya mwanga chini yake: taa nyingi ndogo zinazoning'inia kwa urefu wa mita 4 au 5 juu ya meza, zote za rangi ya joto, kati ya kelvini 2,700 na 3,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Jicho la binadamu linakwenda palipo na mwanga zaidi, na likiishapata uso wa mwenzake, kitambaa safi na bilauri inayometameta, halipandi tena juu kuuliza paa liko wapi. Kumbuka pia kwamba nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, maana taa ile ile ikiwa mita 10 kutoka mezani inatoa robo tu ya mwanga ambao ingetoa ikiwa mita 5. Kuimulika meza kutoka fremu za mita 12 kunahitaji taa zenye nguvu na mwali mwembamba, moja kwa kila meza, iliyoelekezwa kwa mkono. Ni kazi ya usiku mzima, lakini ni kazi inayolipa.

Kwa maua, nitakupa sheria moja tu ninayoishikilia. Pambo la katikati ya meza liwe chini ya sentimita 35, au liwe juu ya kinara chembamba ambacho maua yake yanaanzia juu ya sentimita 60. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndipo ulipo uso wa mgeni wa upande wa pili.

Fundi Sauti

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema Msanifu, ila ninaomba ruhusa ya kurefusha kidogo, kwa sababu kofi ulilolipiga lilikuambia jambo zito kuliko yote yaliyo katika mchoro wa mpambaji.

Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa hayasikiki vizuri, akaambiwa autengeneze. Usiku baada ya usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo, akapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa ni muda gani sauti inachukua kufifia. Kanuni aliyoipata bado tunaitumia: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa sauti wa nyuso zake zote. Ukumbi wako una ujazo wa mita 43,200 za ujazo. Nyuso zake, yaani sakafu, kuta na paa, zina jumla ya mita za mraba 10,320, nazo ni zege na mabati. Tukikadiria kwamba kwa wastani zinafyonza sehemu moja ya kumi, sauti itachukua karibu sekunde 6.7 kufifia. Umehesabu tano kwa sikio, basi sikio lako ni zuri, kwa sababu sikio huacha kusikia kabla kipimo hakijamaliza.

Kwa hotuba tunahitaji sekunde moja, au moja na nusu ikizidi sana. Katika sekunde sita, silabi ya kwanza ya neno bado inazunguka ukumbini wakati mzungumzaji amekwisha kumaliza sentensi. Niliwahi kuitwa kuhudumia hafla iliyopambwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuziona, katika jengo la namna hiyo hiyo, bila kuulizwa lolote kabla ya siku yenyewe. Mwenye shughuli alisimama kuzungumza juu ya marehemu baba yake aliyeianzisha kazi ile. Mezani karibu nami aliketi mzee mmoja ambaye alikinga sikio kwa kiganja, akainama mbele, akakaza macho mdomoni mwa mzungumzaji, na baada ya dakika mbili akaushusha mkono wake taratibu na kuanza kukunja kitambaa cha mezani. Meza za nyuma zilianza kuzungumza zenyewe, na mzungumzaji akalazimika kuikatisha hotuba yake. Hakuna ua lililosaidia chochote pale.

Sasa habari njema. Wageni wenyewe hufyonza sauti, kila mmoja takriban sawa na nusu mita ya mraba ya uso unaomeza sauti yote, hivyo watu 600 wanaongeza 300. Mapazia ya Msanifu yakiwa mazito na yenye mikunjo, na yakining'inizwa mbali kidogo na ukuta, yanafyonza karibu nusu ya sauti inayoyafikia. Mzingo wa mita 170 kwa urefu wa mita 8 ni mita za mraba 1,360, yaani ufyonzaji wa 680. Zulia juu ya mita 1,800 linaongeza 540 hivi. Jumlisha yote, muda unashuka hadi takriban sekunde 2.7. Bado si chumba cha kusomea habari, lakini ni ukumbi ambao spika zilizopangwa vizuri zinaweza kuushinda. Ninakuomba uzingatie kwamba pazia hilo hilo ni pambo, ni ukuta na ni dawa ya mwangwi kwa wakati mmoja. Fedha inayoingia humo inafanya kazi tatu.

Angalizo moja: mapazia na zulia hufyonza sauti za juu na za kati, lakini besi inapita kama kwamba hayapo. Iambie bendi mapema kwamba spika za besi zitakuwa chache na zitashushwa.

Usikubali pia mpango wa spika mbili kubwa jukwaani zinazopiga kelele ili zimfikie mtu wa nyuma. Wanaoketi mbele wataumia, na wa nyuma watasikia mvumo tu. Tumia spika ndogo nyingi zilizo karibu na masikio, kwa sauti ya chini, na zote zielekezwe kwa watu, zisielekezwe ukutani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 20 kutoka jukwaani lazima icheleweshwe karibu milisekunde 58, na ile ya mita 40 karibu milisekunde 117. Bila hivyo mgeni atasikia neno kwanza kutoka spika ya karibu, kisha tena kutoka jukwaani. Fundi akikuambia hilo halina haja, tafuta mwingine.

Mkongwe wa Dhifa

Ninaheshimu yaliyosemwa, ila natofautiana na Msanifu katika jambo moja, na sitaki mleta mada aliache lipite.

Ukumbi mkubwa ukifichwa wote, mteja atauliza kwa nini hakukodi ukumbi mdogo. Ukubwa ni zawadi pia, mradi utolewe mara moja na kwa wakati wake. Wapitishe wageni kwanza katika njia ya chini na nyembamba, yenye dari ya kitambaa kwa urefu wa mita 3, mwanga hafifu na zulia zito linalonyamazisha viatu. Waache watembee humo mita 15 au 20. Kisha mapazia yafunguliwe, nao watoke mahali ambapo giza la paa linaonekana limepanda bila mwisho na taa mia kadhaa zinaelea chini yake. Mita 12 zile zile ambazo mchana zilikuwa aibu zitawafanya wakate maneno katikati. Nimesimama kando ya mlango wa namna hiyo mara nyingi, na kila mara hatua za wageni hupungua kwenye mstari ule ule mmoja wa zulia.

Watazame wanaoandaa dhifa ya Tuzo za Nobel kila tarehe 10 Desemba katika Jumba la Jiji la Stockholm. Wanaketisha takriban wageni 1,300 katika ukumbi mmoja mrefu wa matofali. Hawaufichi urefu wake, bali wanautumia, kwa kuwa wageni wa heshima wanashuka ngazi pana mbele ya watu wote, na chakula nacho kinaletwa kwa wahudumu kushuka ngazi hizo hizo kwa msururu. Ngazi ile ndiyo tukio. Wewe huna ngazi, lakini una urefu wa mita 90. Tafuta mahali pamoja ambapo urefu huo utaonekana, kwa mfano wakati wa kutoka mapokezi kwenda mezani, na usiurudie tena usiku ule.

Msimamizi wa Huduma

Dada yangu (nisamehe kama nimekosea), wote waliotangulia wamezungumzia yanayoonekana na yanayosikika. Mimi kazi yangu ni kusubiri, au tuseme kuhakikisha kwamba mgeni hasubiri, kwani kwa maoni yangu hapo ndipo neno la mteja wako linapopimwa. Mtu husamehe ua lililonyauka. Hasamehi dakika 40 ndani ya gari akiwa amevaa vizuri.

Anza nje. Wageni 600 watafika kwa magari 250 hivi. Kila gari linahitaji sekunde 45 kusimama, kufungua milango, kumshusha mama mwenye gauni refu na kuondoka. Mahali pamoja pa kushushia patahitaji saa tatu kuyamaliza. Mahali patano, yaani magari matano kwa mpigo chini ya paa moja, patahitaji dakika 37. Halafu meza ya majina: tukihesabu jozi 300 na nusu dakika kwa kila jozi, mtu mmoja atachukua saa mbili na nusu, na watu watano watachukua nusu saa. Hesabu hizi hazina ufundi wowote, lakini nimeona wasimamizi wenye uzoefu wakizipuuza, kisha foleni ikafika barabarani.

Ndani, swali kubwa ni umbali wa jiko. Ukiliweka mwisho wa ukumbi, mhudumu anayehudumia meza ya mbali atatembea mita 70 kwenda na 70 kurudi. Mtu aliyebeba sahani tatu anatembea mita moja kwa sekunde, si zaidi, kwa hiyo safari moja ni zaidi ya dakika mbili, na meza ya watu kumi inahitaji safari nne. Mgeni wa kwanza atakuwa amekaa na chakula mbele yake karibu dakika saba akiwasubiri wenzake kwa adabu. Kwa hiyo gawanya jiko. Chakula kipikwe mahali pamoja, lakini kipakuliwe kwenye vituo vinne nyuma ya mapazia, viwili kila upande wa urefu, ili hakuna meza iliyo zaidi ya mita 25 kutoka kituo chake. Kituo kimoja kikitoa sahani moja kila sekunde sita, sahani 600 zitachukua saa nzima. Vituo vinne vitazimaliza kwa dakika 15. Weka wahudumu wawili kwa kila meza, na kwa meza za heshima waongeze ili sahani zote kumi ziteremke kwa pamoja.

Joto nalo lina sheria. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapoliwa, cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5, na chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Katika jiko la muda, makabati ya kutunza joto ni lazima, na sahani zenyewe zipashwe. Shika sahani kwa kiganja kabla haijapakuliwa: ikiwa ni baridi mkononi mwako, kilichomo kitakuwa kimepoa kabla ya kuvuka pazia.

Na msikose mawasiliano. Tarehe 22 Septemba 1900 mameya wa Ufaransa zaidi ya 20,000 walikula pamoja katika bustani ya Tuileries mjini Paris, na wasimamizi walilazimika kupita kati ya meza kwa baiskeli na kwa gari ili kufikisha maagizo. Sisi tuna redio za masikioni. Mpe moja kila msimamizi wa kituo, mpishi mkuu, fundi wa taa, fundi wa sauti na mshereheshaji, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kusema "peleka". Hotuba ikirefuka kwa dakika kumi, mpishi lazima ajue katika dakika ya pili.

Mratibu Chipukizi

Sikutarajia majibu ya kina kiasi hiki, nanyi Msimamizi hamkukosea, mimi ni dada. Nimekaa na mchoro mpya tangu asubuhi. Nusu ya ukumbi imekuwa chumba cha dhifa, njia ya kuingilia ya Mkongwe nimeiweka ubavuni ili itokee katikati ya upande mrefu, na jukwaa nimelihamisha kutoka mwisho wa chumba hadi kwenye upande mrefu unaoukabili huo, ili meza ya mbali kabisa iwe karibu zaidi na mzungumzaji, kama mita 35.

Jambo linalonisumbua sasa ni mapazia. Mita 170 za pazia zuri kwa urefu wa mita 8 zitaning'inizwa wapi? Mwenye ukumbi anasema "fremu zina nguvu", na hakuna alichoniandikia.

Mhandisi wa Majukwaa

Hapo umeuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza, na ninashukuru kwamba umeliuliza kabla ya kulipa.

"Fremu zina nguvu" si jibu. Fremu za paa zimesanifiwa kubeba paa, upepo na mvua, na kinachobaki kwa ajili yako kinaweza kuwa kidogo sana, tena kwenye viungo fulani tu. Omba michoro ya jengo na barua ya mhandisi wa majengo inayotaja kilo ngapi zinaruhusiwa katika kila sehemu ya kufungia. Kitambaa kizito kina takriban nusu kilo kwa mita ya mraba. Mita 1,360 zako zikikunjwa ili ziwe na mikunjo, unahitaji kitambaa mara moja na nusu, yaani mita 2,040, nazo ni tani moja na ushee kabla ya mabomba, minyororo, taa na spika. Barua ikikosekana, simamisha kila kitu kutoka sakafuni kwa minara ya fremu za alumini yenye uzito wa kutosha chini. Itakula nafasi na fedha kidogo zaidi, lakini utalala.

Pazia lina hatari ambayo wenzangu hawakuitaja: linafunika milango ya dharura. Ukizungusha pazia chumba kizima umejenga chumba kisicho na njia ya kutokea, hata kama nyuma yake kuna milango kumi. Kanuni za usalama zinatofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini kwa mfano kanuni za NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, zinataka angalau njia tatu zilizo mbalimbali kwa watu 501 hadi 1,000, nawe ukihesabu wahudumu na bendi utakuwa na watu 750. Acha uwazi halisi kwenye pazia mbele ya kila mlango, usiwe mkunjo unaotakiwa kusukumwa, na juu yake uweke alama inayowaka ambayo haizimwi hata taa zikishushwa kwa ajili ya hotuba. Kitambaa kiwe na cheti cha kutoshika moto.

Hii pia ndiyo sababu yangu ya kulipinga paa la kitambaa. Kama ukumbi una mfumo wa kunyunyiza maji au vitambua moshi juu, kitambaa kilichotandazwa chini yake kinauzuia moshi usivifikie na maji yasiwafikie watu. Afisa wa zimamoto anaweza kulikataa mchana wa siku ya hafla, ukabaki na mafungu ya kitambaa sakafuni. Mwite sasa, umwonyeshe mchoro, upate maandishi yake.

Kuhusu umeme, usichanganye jiko na sauti. Jiko ndilo linalokula zaidi, na kila oveni inapowaka volteji inatikisika. Tuseme mzigo wote ni kilowati 160. Kwa jenereta za kawaida gawanya kwa 0.8, upate kVA 200 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta), kisha acha nafasi ili jenereta isifanye kazi zaidi ya robo tatu ya uwezo wake, ufike karibu kVA 270. Usikodi moja ya 270. Kodi mbili au tatu, za jiko mbali na za taa na sauti, na nyingine ya akiba ambayo tayari inazunguka, kwa sababu jenereta inayosubiri kuwashwa ni kiza cha dakika nzima. Usisahau joto: binadamu aliyeketi hutoa takriban wati 100, hivyo watu 750 ni kilowati 75 za joto, kama kwamba umewasha hita kubwa katikati ya ukumbi. Viyoyozi vianze kupoza mapema sana kabla ya mgeni wa kwanza, kwa kuwa baada ya hapo vitakuwa vinakimbizana na wageni.

Mratibu Chipukizi

Barua ya mhandisi wa majengo imekuja jana. Fremu zinaruhusiwa kubeba taa za kuning'inia na spika, lakini si mapazia, kwa hiyo mapazia yatasimama sakafuni. Afisa wa zimamoto amefika, ametembea nasi kutoka mlango hadi mlango, na ameongeza uwazi mmoja ambao sisi hatukuwa tumeuona. Mteja nilimketisha kwenye kiti kimoja katikati ya ukumbi mtupu, nikamwomba mwenzangu asimame mita 35 mbali na kumsomea aya moja ya hotuba yake kwa kipaza sauti cha kawaida. Hakuelewa hata nusu. Baada ya hapo hakuuliza tena kuhusu paa jeupe.

Minara ya mapazia imeongeza gharama, kwa hiyo lazima nipunguze kitu. Nimebakiwa na mambo matatu ya kuchagua: vinara virefu vya maua kwenye meza zote 60, siku ya ziada ya mazoezi ukumbini, au wahudumu wa pili wa kila meza. Ninyi mngeondoa kipi?

Msimamizi wa Huduma

Ondoa vinara, dada, tena uondoe kwenye meza 48 na ubakize kwenye 12 zilizo karibu na njia ya kuingilia, ambako mgeni atavipita akiwa amesimama. Kwingine weka maua mafupi na mishumaa ndani ya glasi. Wahudumu usiwaguse.

Siku ya mazoezi uitumie hivi: waite wahudumu wote 120, wabebe sahani tupu za moto kutoka vituo vyote vinne, huku mtu akisoma hotuba nzima jukwaani na taa zikiwa zimeshushwa kama usiku wenyewe. Wewe keti kwenye meza ya mbali zaidi, ile ya kona, ukiwa na saa mkononi, na uandike muda ambao sahani ya kwanza na ya kumi zimekufikia. Ukisikia visigino vya wahudumu juu ya maneno ya mzungumzaji, zulia la njia ya huduma bado ni jembamba.

Fundi Sauti

Na ukiwa kwenye kona hiyo, mwambie msomaji ataje majina ya watu na tarakimu, asisome maneno yenye mtiririko. Sentensi ya kawaida ubongo huijaza yenyewe panapokosekana silabi, lakini jina la mshindi wa tuzo haliwezi kukisiwa. Ukiyapata majina kumi kati ya kumi bila kuinama mbele, spika zibaki pale pale zilipo na asiziguse mtu hadi wageni watoke.